Sherehe ya kupanda miti Kenya: Kutoka Ngoma ya Miti ya 1922 hadi Siku ya Mazingira

TANGU mwaka 2024, tarehe 10 Oktoba imekuwa siku ya mapumziko ambayo serikali ya Kenya huwataka wananchi waitumie kupanda miti na kusafisha mazingira yao. Katika kalenda inaitwa Siku ya Mazingira. Tarehe yenyewe si ngeni. Kwa miaka mingi ilijulikana kama Siku ya Moi, baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, kabla ya sheria iliyopitishwa mwaka 2024 kuipa jina la sasa.

Hata hivyo, desturi ya watu kukusanyika kwa shangwe kwa ajili ya mti haikuanza na sheria hiyo. Ina umri wa zaidi ya miaka mia moja nchini humo, na jina lake la kwanza lilikuwa la Kiswahili: Watu wa Miti. Katika muda huo sherehe hiyo imesahaulika, ikafufuliwa, ikageuzwa shughuli ya viongozi, kisha ikafufuliwa tena. Swali lililoiandama tangu mwanzo ni moja tu, nalo ni nani atakayeutunza mche baada ya ngoma kwisha.

Miti iliyoheshimiwa bila kupandwa

Jamii nyingi za Kenya zilikuwa na miti mitakatifu muda mrefu kabla ya utawala wa Waingereza. Kwa Wakikuyu, mti wa mugumo, ambao ni wa jamii ya mikuyu, ulikuwa mahali pa kutolea sadaka na kuomba mvua. Kuukata ulikuwa mwiko, na hata matawi yake makavu hayakuokotwa kwa kuni. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe huko Nyeri, amesimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu.

Pwani, Wamijikenda walihifadhi misitu ya kaya, yaani vilima vyenye miti minene vilivyozunguka makao ya mababu zao. Wazee wa kaya waliweka masharti ya nani aingie, aingie vipi na achukue nini. Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiweka misitu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Desturi hizo zote zilihusu kuulinda mti uliokwishaota. Kupanda mti wa msituni hakukuwa na sherehe yake, kwa sababu hakukuwa na haja. Shamba lililochoka liliachwa, na msitu ukarudi wenyewe. Haja ilikuja ardhi ilipopungua.

Nayo ilipungua kwa kasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba katika nyanda za juu ilitwaliwa na kugawiwa walowezi wa Kizungu, na wenyeji wakabanwa katika maeneo waliyotengewa. Injini za reli iliyotoka Mombasa zilikuwa zikila kuni, na mashamba ya mikaratusi yakapandwa kwa ajili ya nishati hiyo. Shamba lisingeweza tena kupumzishwa mpaka msitu urudi, kwa kuwa mwenye shamba hakuwa na pengine pa kuhamia.

Muguga, 22 Julai 1922

Katika hali hiyo alifika Richard St. Barbe Baker, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1889 karibu na Southampton, ambaye aliajiriwa katika idara ya misitu ya Kenya mwaka 1920. Kituo chake kilikuwa Muguga, katika nchi ya Wakikuyu, kilomita chache kutoka Nairobi.

Kwa maelezo aliyoyaacha katika vitabu vyake, Baker aliwaendea wazee kuwaomba watu wao wapande miti. Jibu alilopewa lilikuwa la Kiswahili cha bara: kupanda miti ni "shauri ya Mungu". Msitu ulikuwa ukiota wenyewe tangu zamani, kwa nini mwanadamu aifanye kazi isiyo yake? Ni rahisi kuliona jibu hilo kama uvivu, na maofisa wengi wa wakati ule waliliona hivyo. Kwa watu ambao kwao msitu ulikuwa umerudi wenyewe kizazi baada ya kizazi, lilikuwa jibu la busara iliyopitwa na wakati kwa miaka ishirini tu.

Baker aliona jambo jingine. Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya kuvuna mahindi, na kazi iliyokuwa na ngoma ilifanywa na watu wote kwa moyo. Akauliza kwa nini kusiwe na ngoma ya miti. Kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, habari ilipelekwa vijijini kwamba kutakuwa na ngoma mpya. Fahali aliyenona aliwekwa kuwa zawadi ya kijana atakayependeza zaidi katika mapambo yake, na msichana mrembo kuliko wote angepewa mkufu.

Tarehe 22 Julai 1922, kwa hesabu ya Baker mwenyewe, vijana wapatao 3,000 walihudhuria. Baada ya ngoma aliwaomba waliokuwa tayari wajitolee, na kati yao wakachaguliwa 50 wa kwanza. Waliapa mbele ya Ngai kwamba kila mmoja atapanda miche kumi kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Neno lao la siri lilikuwa "twahamwe", yaani tuko pamoja. Ndio walioitwa Watu wa Miti.

Mambo mawili katika habari hiyo yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni majira. Julai katika nyanda za Kikuyu ni msimu wa baridi na ukungu, mvua za masika zikiwa zimekwisha na za vuli bado. Si wakati wa kupanda. Ngoma ya Muguga ilikuwa ya kuandikisha watu, si ya kutia miche ardhini, na baada yake ndipo kazi ya vitalu ilipoanza. Kiapo nacho kilitaja kutunza sawasawa na kupanda. Sherehe nyingi zilizofuata katika karne hiyo zilipanga mambo kinyume: miche kwanza, watu baadaye, na utunzaji haukutajwa kabisa.

La pili ni mwaka wenyewe. Miezi minne tu kabla ya ngoma hiyo, Machi 1922, serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kiongozi aliyepinga kipande, kodi na kazi za shuruti. Umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi tarehe 16 Machi, na watu wengi wakauawa. Katika maelezo ya Baker mambo hayo hayasikiki. Lakini vijana waliocheza Muguga walitoka katika nchi hiyohiyo, na Chifu Njonjo, ambaye mwanawe Charles angekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya huru, alikuwa mtumishi wa serikali iliyofyatua risasi. Watu wa Miti walianza kama jambo la hiari ndani ya utawala usiojua hiari, na huenda hiyo ndiyo sababu moja ya chama hicho kukua zaidi ng'ambo kuliko mahali kilipozaliwa.

Mwaka 1924 Baker alianzisha tawi lake Uingereza kwa jina lenye maana ileile, Men of the Trees, nalo likaenea katika nchi nyingi. Tangu mwaka 1992 chama hicho kinajulikana kama International Tree Foundation. Mwanzilishi wake alifariki dunia Juni 1982 huko Saskatoon, Kanada, siku chache baada ya kupanda mti wake wa mwisho. Nchini Kenya kwenyewe Ngoma ya Miti ilibaki katika kumbukumbu za wachache.

Miti saba ya Kamukunji

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, kupanda mti kukawa sehemu ya itifaki. Rais au waziri alipofungua shule, hospitali au maonyesho ya kilimo, alikuta shimo limekwisha kuchimbwa, mche umesimamishwa na maji yako tayari. Katika utawala wa Rais Daniel arap Moi ulioanza mwaka 1978, siku za kupanda miti zilipata uzito zaidi, na mwaka 1981 iliundwa tume ya rais ya kuhifadhi udongo na kupanda miti. Kazi ilifanyika, hilo halikanushiki. Lakini kulikuwa na kinaya. Wakati viongozi wakipigwa picha wakiwa na majembe, vipande vya misitu ya serikali vilikuwa vikikatwa na kupewa watu wenye uwezo. Mwaka 2001 serikali hiyohiyo ilitangaza kutoa takriban hekta 67,000 kutoka katika misitu iliyohifadhiwa.

Ufufuo wa kweli ulitoka kwingine. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huko walipanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya kiongozi wa kihistoria wa jamii mojawapo ya Kenya. Mpango huo ulianza kwa jina la Harambee ya Kuokoa Ardhi, kisha ukawa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, maarufu kama Green Belt Movement.

Mingi ya miti hiyo saba ilikufa, kwa kuwa hakukuwa na wa kuimwagilia wala kuilinda. Maathai hakulificha jambo hilo, na ndilo lililoupa mpango wake sura mpya. Kazi ilihamishwa kutoka viwanja vya sherehe hadi kwa vikundi vya wanawake wa mashambani, ambao ndio waliotembea mbali kutafuta kuni na maji na ndio waliokuwa na sababu ya kutaka mti uishi. Walikusanya mbegu za miti ya kienyeji, wakaanzisha vitalu kwa vyombo walivyokuwa navyo, wakafundishana. Wataalamu wa misitu walipodai kwamba kazi hiyo inahitaji watu waliosomea, Maathai aliwaita wanawake hao wanamisitu wasio na shahada.

Kanuni ya malipo ndiyo iliyokuwa tofauti kubwa. Mwanamke alilipwa senti chache kwa kila mche, lakini mche uliohesabiwa ni ule uliokuwa hai baada ya kupandwa. Kwa hesabu ya vuguvugu lenyewe, zaidi ya miti milioni 50 imepandwa kwa njia hiyo tangu mwaka 1977.

Katika miaka ya 1990 kupanda mti kulikoma kuwa sherehe tu na kukawa upinzani. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, zilikuwa zimegawiwa wafanyabiashara wa ujenzi. Maathai na wafuasi wake wakaenda na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walinzi wa kukodishwa waliwashambulia, naye akajeruhiwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha shtaka, alitia sahihi kwa damu yake. Ghasia zilizofuata jijini, na lawama zilizotoka ndani na nje ya nchi, zilimlazimisha Rais Moi kutangaza Agosti 1999 kuwa ugawaji wa ardhi ya umma umesitishwa.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 2004, Maathai alikuwa njiani huko Nyeri alipopata habari kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alisherehekea kwa kupiga magoti na kupanda mti wa Nandi flame akiuelekea Mlima Kenya. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011. Tangu mwaka uliofuata, Umoja wa Afrika huadhimisha tarehe 3 Machi, Siku ya Mazingira Afrika, pamoja na kumbukumbu yake.

Bilioni 15

Sura ya sasa ya sherehe hiyo ilianza tarehe 21 Desemba 2022, Rais William Ruto alipozindua katika msitu wa vilima vya Ngong mpango wa kuotesha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Lengo lililotajwa ni kurudisha uhai katika hekta milioni 10.6 za ardhi iliyoharibika na kufikisha asilimia 30 eneo la nchi lililofunikwa na miti. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuwa imeonyesha asilimia 12.13.

Ukizigawanya bilioni 15 kwa miaka kumi na kwa Wakenya takriban milioni 50, kila mtu, kuanzia mtoto mchanga hadi ajuza, anapaswa kupanda miche 30 kwa mwaka. Watu wa Miti wa mwaka 1922, waliokuwa wakila kiapo cha hiari, waliahidi kumi.

Jumatatu, 13 Novemba 2023, serikali ilitangaza mapumziko maalumu ya kitaifa ili wananchi wapande miti. Lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100. Miche ilitolewa bure katika vitalu vya umma, Rais akaongoza shughuli katika kaunti ya Makueni, na programu ya simu iitwayo JazaMiti ikatumika kuandikisha kila mche na mahali ulipopandwa. Majira yalichaguliwa vizuri, kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimekolea, ingawa katika baadhi ya maeneo zilikuwa zimekolea mno na mafuriko yalikuwa yamewaondoa watu makwao.

Mafuriko hayohayo yaliipa siku iliyofuata sura ya huzuni. Baada ya masika ya mwaka 2024 kuua zaidi ya watu 200, tarehe 10 Mei ilitangazwa kuwa mapumziko ya kuwaomboleza waliofariki, na wananchi wakatakiwa waomboleze kwa kupanda miti. Wengine waliona maneno hayo yanafaa, kwa sababu maji yaliyobomoa nyumba yalikuwa yameteremka kutoka milima iliyoachwa wazi. Wengine waliona kwamba waliopoteza jamaa na mali walihitaji makazi kabla ya miche. Oktoba ya mwaka huohuo sherehe ikapata siku yake ya kudumu.

Wakosoaji hawakukosa. Julai 2023, kati ya uzinduzi wa Ngong na mapumziko ya Novemba, Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti katika misitu ya kupandwa iliyokuwa imedumu tangu mwaka 2018. Serikali ilieleza kwamba miti iliyokomaa ilikuwa ikiozea msituni huku viwanda vya mbao vikifungwa. Watetezi wa mazingira waliuliza ni nani atakayepima msumeno unaishia wapi.

Mche usiofaa

Idadi ya miche iliyopandwa kwa siku moja ndiyo hutangazwa, na si Kenya tu. Julai 2019 Ethiopia ilitangaza kupanda zaidi ya miche milioni 350 kwa siku. Idadi ya miti iliyo hai baada ya misimu mitatu ya kiangazi hutangazwa kwa nadra, kwa kuwa kuihesabu kuna gharama na hakuna ngoma inayopigwa siku hiyo. Mche hufa kwa sababu za kawaida mno. Hupandwa mvua zikiwa zinakatika. Husahauliwa ndani ya kiriba cha plastiki, mizizi ikajikunja. Mbuzi huula. Shamba la shule hukosa mlinzi wakati wa likizo.

Yapo pia madhara ya mti ulioshika vizuri kupita kiasi. Katika kaunti ya Baringo, mradi wa kupambana na ukame wa miaka ya 1980 ulieneza mti wa kigeni ambao wenyeji waliuita mathenge. Haukufa. Ulivamia malisho na kingo za maji, ukaota miiba mikali, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wafugaji wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali, wakampeleka mbuzi mzimamzima hadi mahakamani Nairobi ili majaji wajionee meno yake. Mwaka 2009, wakati wa ukame mkubwa, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito kwa sababu ya kunywa maji mengi. Mingi ya mikaratusi hiyo ilikuwa imepandwa kwa kuhimizwa.

Kwa hiyo, maofisa wa misitu sasa hupendelea neno "kuotesha" badala ya "kupanda", na huwashauri wananchi wachague mti kulingana na mahali: mitarakwa nyanda za juu zenye baridi, migunga nyika kavu, mikoko kwenye hori za Pwani.

Karura, mahali ambapo damu ilimwagika kwa ajili ya miche mwaka 1999, ni hekta zipatazo 1,000 za msitu ndani ya jiji. Chama cha wananchi kilichoanzishwa mwaka 2009 kilishirikiana na Shirika la Huduma za Misitu kuuzungushia uzio, na tangu hapo mikaratusi na miti mingine ya kigeni imekuwa ikiondolewa hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na miti ya kienyeji. Kazi hiyo hufanyika mwaka mzima, na sehemu kubwa yake ni palizi.